Nyumba ya kupanga Nairobi: sheria inasema nini kuhusu kodi, dipoziti, notisi na kufungiwa nje

Kesi nyingi za nyumba Nairobi hufa kabla hazijafika mahakamani, na sababu huwa ni moja: hakuna karatasi. Mpangaji ana nambari ya simu ya keyateka (mtunza jengo) na ana tili ya M-Pesa ya kulipia kodi, ila jina kamili la mwenye nyumba halijui. Siku dipoziti inapoliwa, hana wa kumshtaki. Mwenye nyumba naye anadai kodi ya miezi minne, anachoka kusubiri, anapiga kufuli, kisha anashangaa kuitwa yeye mahakamani wakati ndiye anayedai.

Fuata hatua hizi tangu unapotafuta nyumba hadi unaporudishiwa dipoziti yako. Kama wewe ndiye mwenye nyumba, hatua ni hizo hizo ukiwa upande wa pili wa meza.

Kwanza jua uko chini ya sheria ipi

Kenya haina sheria moja ya nyumba za kupanga. Zipo kadhaa, na zile za zamani bado zinafanya kazi. Kinachokuonyesha mlango wa kubisha ni kiasi cha kodi na matumizi ya nyumba.

Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake rasmi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Kodi rasmi ni ile iliyokuwa ikitozwa tarehe 1 Januari 1981, au ile iliyowekwa na Jopo la Kudhibiti Kodi kwa nyumba ambayo haikuwa imepangishwa siku hiyo. Kwa bei za leo utadhani sheria hii imebaki makumbusho. La hasha. Mukuru, Mathare na Kibra bado kuna vyumba vingi vya mabati vya 2,500 kushuka chini. Mpangaji wa chumba kama hicho hatolewi bila amri ya Jopo, na Jopo hutoa amri kwa sababu zilizotajwa na sheria pekee. Mali yake haikamatwi kwa deni la kodi bila kibali cha Jopo. Kumsumbua makusudi ili ahame au akubali kodi ya juu ni kosa la jinai. Kinga hii ni nzito kuliko ya mtu wa fleti ya elfu hamsini Kilimani, na inauma kwamba wengi wanaoistahili hawajawahi kuisikia.

Kodi ikizidi 2,500, na hapo ndipo walipo wapangaji wengi wa Umoja, Pipeline, Kasarani, Zimmerman na Lang'ata, kinachokulinda ni Sheria ya Ardhi ya 2012 pamoja na mkataba wako. Sheria ya Ardhi ina masharti yanayoingia kwenye kila upangaji hata kama hamkuyaandika. Ila haiweki kikomo cha dipoziti wala cha kodi kupanda. Mambo hayo mawili yanaamuliwa na mkataba, ndiyo maana sehemu ya mkataba hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Duka, hoteli, kibanda cha chakula na biashara za aina hiyo ziko chini ya Sura ya 301 na zina jopo lao. Notisi ya kusitisha au kubadilisha masharti huko ni miezi miwili, na mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya jopo. Usichukue kanuni za duka ukazipeleka kwenye bedsita, yaani chumba kimoja cha kuishi.

Kuna Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021, uliotaka kuziunganisha sheria hizi zote. Utakuta watu mtandaoni wanaunukuu kana kwamba umepitishwa, wakitaja vikomo vya kupandisha kodi na mengineyo. Mswada si sheria. Ukiandika barua ya madai ukitegemea vifungu vya mswada huo, wakili wa upande wa pili ataitupa kwa sentensi moja.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Usilipe nyumba ambayo hujaingia ndani yake. Wizi wa kawaida Nairobi ni wa picha nzuri, bei ya chini, na mtu anayetaka dipoziti ya kushikilia nyumba kwa sababu eti kuna wengine watatu wanaiulizia. Nyumba halisi ina keyateka anayejulikana na majirani. Waulize majirani wawili mambo matatu: nyumba ni ya nani, kodi hulipwa wapi, na waliohama hivi karibuni walirudishiwa dipoziti au la. Jibu la swali la tatu lina thamani kuliko lolote utakaloambiwa na ajenti.

Ajenti wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Maajenti wa Mali, Sura ya 533, na bodi inayowasajili huweka orodha. Mwombe nambari yake ya usajili na barua inayoonyesha kwamba mwenye nyumba amempa kazi ya kusimamia jengo. Kwa nyumba ya kodi kubwa, au pale unapotakiwa kulipa miezi mingi kwa mpigo, omba nambari ya hati ya ardhi ufanye utafutaji rasmi kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Ardhi ulioanza Nairobi mwaka 2021. Utaona jina la mwenye ardhi. Likitofautiana na jina lililo kwenye mkataba, uliza kwa nini, na usilipe mpaka upate jibu la maandishi.

Ukiwa ndani, fungua mfereji na uulize siku za maji, maana mitaa mingi hupata maji ya kaunti kwa mgao na siku nyingine ni ya bowza. Washa taa. Tazama mita ya stima: ni ya tokeni ya Kenya Power yenye nambari yake, au ni mita ndogo ya mwenye nyumba? Kama ni mita ndogo, uliza yuniti moja inauzwa bei gani na uandike. Angalia dari na kona za ukuta upande wa bafu. Rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu mara nyingi imeficha unyevu.

Mkataba: sentensi zinazoamua kesi

Upangaji wa miaka miwili kushuka chini usio na haki ya kuongezewa muda, na ule wa mwezi kwa mwezi, unaweza kufanywa hata kwa mdomo chini ya kifungu cha 58 cha Sheria ya Ardhi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba huna haki kwa kuwa hukutia sahihi. Haki unazo. Shida ni kuthibitisha mlikubaliana nini.

Ukipewa mkataba uliochapwa, usiukubali mzimamzima. Kalamu ipo. Futa, andika pembeni, nyote wawili mtie sahihi ndogo penye mabadiliko. Mambo haya yasikose.

Majina na vitambulisho. Jina kamili la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye kitambulisho au kwenye usajili wa kampuni, nambari yake ya kitambulisho, simu, na anwani ya kupelekea barua. "Mwenye nyumba kupitia kwa ajenti" bila jina ni mtego: huwezi kumshtaki mtu asiye na jina, na ajenti atasema alikuwa mjumbe tu.

Dipoziti. Desturi ya mjini ni mwezi mmoja, baadhi ya maajenti hudai miwili, na juu yake huongezwa dipoziti ya maji au stima. Sheria haiweki kiwango kwa nyumba za zaidi ya 2,500, kwa hiyo andika kiasi, andika inashikwa kwa ajili gani, na andika itarudi lini. Sentensi ya kutosha ni hii: "Dipoziti ya Sh15,000 itarudishwa kwa mpangaji ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi funguo, ikitolewa tu kodi au bili zisizolipwa na gharama ya kurekebisha uharibifu uliosababishwa na mpangaji, kwa kuonyesha risiti. Uchakavu wa kawaida hautakatwa." Maneno yanayokuokoa ni matatu: siku 14, risiti, uchakavu wa kawaida.

Rangi. Mikataba mingi Nairobi inasema mpangaji atapaka nyumba rangi akihama au atakatwa. Ukitia sahihi, umekubali, na hoja ya uchakavu haitakusaidia sana. Kama mwenye nyumba hataki kukiondoa kifungu hicho, wekeni kiasi cha juu kabisa, kisha muandike kwamba hakitumiki ukikaa zaidi ya miaka miwili au mitatu. Wengi hukubali wakiombwa mwanzoni, wakati bado wanataka nyumba ijae.

Kupanda kwa kodi. Mkataba wa muda maalumu usiposema lolote, kodi haipandi mpaka muda uishe. Ukiwa wa mwezi kwa mwezi, mwenye nyumba anaweza kupendekeza kodi mpya kwa notisi, na usipokubali anaweza kusitisha upangaji kwa njia halali. Kwa hiyo omba muandike kwamba kodi haitapanda ndani ya miezi 12 ya kwanza, na baadaye itapanda kwa notisi ya miezi miwili na isizidi asilimia mtakayokubaliana.

Notisi, ukarabati, na nani analipa nini: taka, mlinzi, taa za ngazi, maji ya bowza. Andika kila ada kwa jina na kiasi. "Ada nyingine" bila maelezo huongezeka kila Januari.

Kisha stempu. Mkataba wa upangaji usiozidi miaka mitatu hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na ukizidi miaka mitatu ni asilimia 2. Nyumba ya 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka, kwa hiyo stempu ni Sh1,800. Hulipwa kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), ndani ya siku 30. Watu huipuuza, lakini hati isiyo na stempu haipokelewi kama ushahidi katika kesi ya madai hadi ushuru ulipwe pamoja na adhabu ya kuchelewa. Kwa nyumba ya 15,000 ni gharama ndogo kuliko siku moja ya wakili.

Siku ya kuingia

Hii ni kazi ya nusu saa, na hakuna nusu saa nyingine ya upangaji wako yenye faida kama hiyo.

Kabla ya kuingiza kitanda, piga video ya nyumba nzima bila kukata, ukianzia mlangoni huku nambari ya nyumba ikionekana. Piga picha ya kila kasoro kwa karibu: kioo chenye ufa, sinki lenye kutu, soketi iliyolegea, kitasa kisichofunga, kigae kilichobanduka. Fungua kabati la chini ya sinki, ndipo maji yanapovuja. Piga picha ya mita ya maji tarakimu zikisomeka. Kwa tokeni, ingiza nambari ya mita kwenye simu na uhakikishe tokeni ya kwanza inaingia. Mita ikiwa na deni la zamani, malipo yako yatamezwa na deni hilo, na ni vigumu kulirudisha ukishakaa miezi mitatu kimya.

Andika orodha ya kasoro kwenye karatasi moja, keyateka atie sahihi na tarehe. Akikataa, mtumie mwenye nyumba orodha na picha kwa WhatsApp siku hiyo hiyo: "Habari za leo. Nimeingia nyumba B7 leo tarehe 1. Hizi ni kasoro nilizozikuta. Naomba ziingie kwenye rekodi." Hata asipojibu, ujumbe wenyewe una tarehe.

Kulipa kodi na kushika ushahidi

Lipa kwa njia inayoacha alama: peibili, tili au benki, na nambari ya nyumba iwe kwenye sehemu ya akaunti. Usilipe kwa simu binafsi ya keyateka hata akikuahidi kwamba ataipeleka. Keyateka akitoroka na kodi, mwenye nyumba atasema hakumtuma kupokea pesa, na bila karatasi mtakuwa neno lako dhidi ya lake. Kama ni lazima ulipe taslimu, usiondoke bila risiti yenye mwezi, kiasi, jina na sahihi. Mwisho wa mwaka omba taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 uihifadhi.

Kwa wenye nyumba: kodi ya nyumba za kuishi kati ya Sh288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya jumla unayokusanya, bila kutoa gharama. Kiwango hiki kilianza Januari 2024, kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Malipo yanafika KRA kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huo ni wako. Kuuandika kwenye risiti ya mpangaji kama nyongeza juu ya kodi mliyokubaliana ni kumlipisha deni lako.

Kitu kikiharibika

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi kinamwekea mwenye nyumba wajibu hata mkataba ukiwa kimya. Lazima nyumba iwe inafaa kuishi binadamu siku unapoingia na iendelee hivyo muda wote wa upangaji. Pale unapopanga sehemu tu ya jengo, yaani karibu kila fleti, paa, kuta za nje na kuta kuu, mabomba makuu ya maji taka, ngazi na korido ni kazi yake. Anatakiwa pia akuache ukae kwa amani. Nyumba ikiteketea au ikifurika hadi isikalike bila kosa lako, kodi husimama, yote au kwa kiwango cha uharibifu, mpaka irekebishwe. Kwako wewe, kifungu cha 66 kinasema utairudisha nyumba katika hali uliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida.

Kwa mfano: choo kinarudisha maji kwa sababu bomba kuu la ghorofa limeziba, hilo ni la mwenye nyumba. Choo kimeziba kwa nepi ya mtoto wako, hilo ni lako. Kwenye majengo ya ghorofa sita fundi mmoja huitwa na gharama hugawanywa kwa wote. Kataa kulipa mpaka uambiwe kizuizi kilipatikana wapi.

Ripoti kwa maandishi, eleza tatizo, ambatisha picha, toa muda unaofaa: siku moja kwa maji taka au stima inayopiga shoti, wiki moja au mbili kwa mengine. Kosa linalowaponza wapangaji ni kuita fundi, kulipa, kisha kukata kodi bila makubaliano. Kwenye vitabu vya mwenye nyumba utaonekana una deni la kodi, na hapo yeye ndiye mwenye hoja. Pata kwanza ujumbe wake unaosema "sawa, tengeneza ukate", wenye kiasi, ndipo ulipe.

Mwenye nyumba ana haki ya kuingia kukagua au kurekebisha, ila si kwa namna inayokuvurugia makao bila sababu. Kufungua mlango kwa ufunguo wa akiba ukiwa kazini si ukaguzi.

Notisi: namna ya kuhesabu

Hapa watu hupoteza mwezi mzima wa kodi kwa siku chache.

Mkataba ukitaja muda wa notisi, fuata mkataba. Usipotaja, na mnalipa kwa mwezi, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinasema upangaji ni wa mwezi kwa mwezi, na notisi ya upande wowote haipungui mwezi mmoja na lazima iishe siku ambayo kodi hulipwa. Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kama kodi hulipwa tarehe 1 na umeandika notisi tarehe 10 Machi, mwezi mmoja unaisha tarehe 10 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Notisi inasonga hadi 1 Mei, na Aprili yote unalipa. Ungeiandika tarehe 28 Februari, ungetoka 1 Aprili bila deni. Hesabu hii inambana mwenye nyumba vilevile: "uhame wikendi hii" haina nguvu ya sheria, wala "uhame tarehe 15".

Barua iwe fupi: "Mimi, mpangaji wa nyumba B7, natoa notisi ya kuhama. Siku yangu ya mwisho ni 1 Juni na nitakabidhi funguo siku hiyo. Naomba ukaguzi wa pamoja tarehe 31 Mei na dipoziti yangu ya Sh15,000 irudishwe kama mkataba unavyosema." Peleka nakala mbili, moja isainiwe kwamba imepokelewa, na picha yake uitume kwa WhatsApp na barua pepe.

Mkataba wa mwaka ukiisha na ukaendelea kukaa huku mwenye nyumba akipokea kodi kwa miezi miwili, kifungu cha 60 kinauhesabu upangaji huo kuwa umegeuka wa mwezi kwa mwezi. Hapo ile notisi ya mwezi mmoja ndiyo inayotumika.

Ukitaka kuhama kabla mkataba wa muda maalumu haujaisha, notisi ya mwezi haitoshi isipokuwa mkataba unairuhusu. Tafuta mpangaji wa kuchukua nafasi yako na umpeleke kwa mwenye nyumba. Kumwachia mtu nyumba, au kuigeuza ya wageni wa siku mbili mbili, kunahitaji idhini yake ya maandishi.

Kodi ikikwama

Mpangaji, andika kabla ya tarehe ya kodi, wala usisubiri simu. Pendekeza tarakimu: "Nina 8,000 leo, 7,000 nitalipa tarehe 20." Lipa hiyo 8,000 kweli. Mahakama humsikiliza mtu aliyeonyesha nia ya kulipa, na mwenye nyumba pia.

Mwenye nyumba, kodi ikipita mwezi mmoja baada ya tarehe yake bila kulipwa, kifungu cha 65 kinakuruhusu kutoa notisi ya nia ya kusitisha upangaji. Kusitisha bado si kumtoa mtu. Chini ya kifungu cha 73, unaweza kuingia na kuichukua nyumba mwenyewe pale tu ambapo hakuna anayeikalia. Mtu akiwa ndani, njia ni mahakama. Kung'oa mlango, kutoa mabati, kukata stima au maji na kupiga kufuli ni njia za mkato zinazokugharimu fidia na pengine kesi ya uharibifu wa mali.

Njia nyingine ni kukamata mali kwa deni la kodi chini ya Sura ya 293. Kazi hiyo hufanywa na dalali wa minada mwenye leseni. Si vijana wa mtaani, na keyateka hana ruhusa hiyo. Dalali huandika orodha ya mali, huacha notisi yenye kiasi cha deni na muda wa kukomboa, ndipo mnada ufuate. Mpangaji aliyebishiwa hodi aombe leseni, apige picha ya orodha, alinganishe deni na risiti zake. Deni likiwa limetiwa chumvi, au mkiwa na mzozo wa kweli juu ya kiasi, nenda mahakamani mara moja uombe kuzuia mnada. Na kwa nyumba za 2,500 kushuka, uliza kibali cha Jopo kabla ya lolote.

Ukikuta kufuli mlangoni

Usivunje. Hata ukiwa na haki, kufuli lililovunjwa linakuwa hoja ya mwenzako.

Piga picha ya mlango saa zikionekana. Mtumie mwenye nyumba ujumbe: "Nimekuta nyumba B7 imefungwa kwa kufuli. Ndani kuna dawa, nguo za watoto na vyeti. Naomba ifunguliwe leo." Jibu lake, hata la matusi, ni ushahidi kwamba yeye ndiye aliyefunga. Nenda kituo cha polisi, ripoti, chukua nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Polisi hawaamui nani anadaiwa kodi, lakini mali ikipotea humo ndani, rekodi yako ipo tayari. Chifu wa eneo mara nyingi hufunguza mlango siku hiyo hiyo kwa mazungumzo, na si aibu kuanzia kwake.

Ikishindikana, fungua ombi la dharura: kwenye Jopo kwa nyumba za 2,500 kushuka, kwenye mahakama ya hakimu yenye mamlaka ya kesi za ardhi kwa zilizobaki. Unaomba amri ya kufunguliwa na ya kumzuia asirudie. Beba mkataba au taarifa ya M-Pesa, picha, OB na hati ya kiapo. Kama una deni, liseme mwenyewe na useme utalilipa vipi. Ukilificha, amri unaweza kuikosa kwa sababu hiyo pekee. Asiye na pesa za wakili aende Kituo Cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Kurudishiwa dipoziti

Usikubali ile ya "kalia dipoziti mwezi wa mwisho" bila maandishi. Bila hayo, mwezi huo ni deni la kodi.

Fanyeni ukaguzi pamoja, nyumba ikiwa tupu, ukiwa na video ya siku uliyoingia. Tuseme dipoziti ni 15,000, umekaa miaka mitatu, na unaambiwa: rangi 6,000, kioo 900, maji 850, kusafisha 2,000. Kioo ulikivunja, sawa. Maji ni bili yako, sawa. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu, isipokuwa mkataba ulisema utapaka, au ukuta una michoro ya mtoto na matundu ya misumari. Kusafisha kunakatwa ikiwa uliacha uchafu, na video yako ya kutoka ndiyo itakayosema. Dai lako ni 15,000 kutoa 1,750, yaani 13,250. Andika tarakimu hiyo. Barua inayodai yote hata unayodaiwa kihalali inakuvunjia heshima mbele ya hakimu.

Siku zilizotajwa kwenye mkataba zikipita, toa barua ya madai ya siku 7 au 14 yenye hesabu hiyo na ushahidi wa kufika. Asipolipa, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2021 hapo Milimani. Inasikiliza madai ya pesa hadi Sh1,000,000, huhitaji wakili, kanuni za ushahidi si ngumu, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unajaza fomu ya madai, unaambatisha mkataba, risiti, picha na barua, unaiwasilisha kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, unalipa ada, kisha mshtakiwa anafikishiwa nakala nawe unawasilisha kiapo cha kuthibitisha hilo. Mahakama hiyo haigusi mzozo wa nani ana haki ya kukalia nyumba. Kwa hiyo dai pesa tu, usichanganye na kuomba kurudishwa ndani.

Mshtaki mwenye nyumba kwa jina lake kamili. Kama pesa ziliingia kwenye akaunti ya kampuni ya ajenti, washtaki wote wawili, ili kila mmoja asimwelekezee mwenzake kidole. Ukishinda na bado hawalipi, omba utekelezaji wa hukumu. Peibili uliyolipia kodi miaka yote hiyo inakuonyesha benki au kampuni inayoshika pesa zao, na mahakama inaweza kuamuru zichukuliwe kutoka huko. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka sita, kwa hiyo dipoziti iliyoliwa mwaka juzi bado inadaika.